Ukoko wa Birika Langu

Udongo aliokwenda nao mjukuu wangu chuoni aliuchota nyuma ya zizi langu, hapa Endabash. Nilimcheka. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini sijawahi kuona msomi akipanda basi na udongo kwenye kopo la siagi.

Ndani ya udongo huo alikuwa anatafuta amiba, vijidudu vya seli moja ambavyo macho hayavioni. Akawafuga. Kazi yake ilikuwa kuwaweka kwenye kioo, kuwapitishia maji taratibu, na kutazama kwa hadubini wanavyokishika kioo na kutembea. Mwanzoni walitembea vizuri. Baadaye wakaanza kung'oka wote. Maji yakija, wanakwenda nayo kama makapi.

Akaja likizo amekonda. Zilibaki wiki tatu aonyeshe kazi, la sivyo arudie mwaka.

"Bibi, naacha chuo. Nije tulime vitunguu."

"Vitunguu vyangu havitaki mtu wa kununa. Ulibadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Wamefunga mtambo mpya wa kuchuja maji tu. Sasa ni safi kabisa, hayana chochote ndani."

Nilikuwa nasugua birika. Maji ya kisima chetu yana chokaa, yanaacha ukoko mweupe unaukwangua mpaka kucha zinauma. Nikamwekea birika mapajani, na masizi yake.

"Wadudu wako wamezaliwa kwenye udongo wenye chokaa hii. Unawapa maji yasiyo na chochote, halafu unataka washikilie kwa kitu gani?"

Akaukwangua ukoko kwa kidole, akautazama mpaka chai yake ikapoa.

"Kalsiamu," akasema. "Maji ya bomba yalikuwa nayo, Bibi. Haya mapya hayana, na mimi sikuongeza."

"Jina lake silijui. Mimi naita uchafu wa birika."

Kesho yake akaondoka, ukoko ameufunga kwenye karatasi. Wiki iliyofuata akanipigia simu ya picha. Nikaona vidoa vinatambaa juu ya kioo, maji yanapita, hakuna anayeng'oka. Tena walikuwa wanafuata kule maji yanakokwenda, polepole, kama ng'ombe wanaoshuka mtoni bila kuswagwa.

"Huo ni ukoko wangu?"

"Hapana, Bibi. Mwalimu aliukataa. Hii ni kalsiamu ya chupa, imepimwa kwa mizani."

Haya, imepimwa. Mwaka harudii. Lakini kule kisimani nimewaambia wenzangu ni ukoko wangu, na sina mpango wa kujisahihisha.