Huyo Halii, Anafunga Mpira

Mimi sikusoma sana. Darasa la tatu niliacha nikaingia kwenye majani chai, na tangu hapo ninasoma watu tu. Kila mwanamke niliyechuna naye ninajua jina lake, na la mama yake, na la ng'ombe wake pia. Hapa sitayaandika, kwa sababu wengine bado wana miguu ya kunifuata mpaka mlangoni. Lakini ninayo yote.

Mvua za mwaka huu zilipoanza tulimzika jirani yangu. Binti yake anafanya kazi Nairobi. Aliondoka kwa kugombana na mama yake, akakaa miaka miwili hata simu hapigi, akarudi kulia kaburini. Sasa alikuwa amesikia kwamba picha ya mama yake, ile iliyopigwa shambani Mogogosiek, imetundikwa kwenye ukumbi mmoja Kericho mjini.

"Kogo," akaniambia, maana ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita nyanya, "twende pamoja. Peke yangu siwezi."

Tukaenda. Kuta nyeupe, soda kwenye glasi ndogo, na watu wanatembea polepole wameshika kidevu kama wanaonunua ng'ombe, ila hakuna hata mmoja aliyejua pa kuangalia meno. Na picha zenyewe hazina rangi! Mtu atoke huko kote na kamera yake, aingie kwenye kijani kile cha Mungu, halafu akitoe. Ni kama kumpa mgeni maziwa akamwaga, akasifu kibuyu.

Mwenye kutuelekeza alikuwa bwana mmoja wa skafu, miwani ameiweka utosini. Labda nywele zake ndizo zinazoona.

"Picha ya sanaa," akasema, "usiiulize inaonyesha nini. Jiulize unasikia nini."

Nikajiuliza. Nilisikia magoti.

Ndipo tukafika kwa jirani yangu. Yule pale, mkubwa kama mlango, amesimama katikati ya chai, kikapu mgongoni, kichwa ameinamisha, mkono mdomoni. Chini yake wamebandika karatasi: Machozi ya Chai. Mwanamke asiyejulikana.

"Mtazameni," akasema yule bwana, sauti ameishusha kama pasta kwenye maombi. "Anauma ngumi ili asilie. Na mstari huu mbele yake ni mpaka kati yake na wale waliomwacha."

Binti akanishika mkono. "Ni mimi, Kogo. Ni mimi nilimwacha. Alikuwa analia kwa sababu yangu."

Hapo nikakasirika. Mtu aongee upuuzi wake, sawa, lakini asimtwike yatima.

"Wewe mwalimu," nikamwita, "umewahi kuchuna chai?"

"Hapana, shosho, lakini..."

"Huo mpaka wako ni ufito. Tunaulaza juu ya kichaka ili tuchune sawasawa. Chuna bila ufito uone kama msimamizi hatakuonyesha mpaka wa kweli."

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu vile wanavyowatabasamia wazee. "Shosho, kwa sanaa kila mtu ana tafsiri yake."

"Basi nipe zamu yangu."

Nikamvuta binti karibu na ukuta. "Angalia kidole, wacha uso. Hajauma ngumi. Unaona kitu cheusi kati ya meno? Ni mpira wa tyubu ya baiskeli. Tunaufunga vidoleni ili vikonyo vya majani visitukate, na kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kujifungia fundo, ncha moja inavutwa kwa meno. Angalia kikapu sasa, mkanda umelegea. Hakina kitu. Angalia aproni, ina umande mpaka kifuani. Ni asubuhi, kazi haijaanza. Na hiki kiwiko hapa pembeni ni changu. Mwenye kamera aliniambia nisogee, eti ninaharibu picha. Mama yako akasema, na mpira uko kwenye meno, 'Mpe huyo kikapu abebe, atajua nani anaharibu.'"

Ukumbi mzima ukacheka tena. Binti hakucheka.

"Kwa hivyo hakulia?"

Ningeweza kudanganya. Yule bwana amedanganya siku nzima na watu wanampigia makofi.

"Alilia," nikasema. "Jikoni kwangu, mara moja. Akamaliza, akanawa uso, akaenda kukama. Lakini siku hiyo haikupigwa picha, na huyu bwana hakuwepo. Machozi ya mama yako usiyachukue kwake."

Akasogeza uso mpaka karibu uguse kioo cha picha. Halafu akasema, "Hata mimi alinifunga mpira hivyo, nikiwa darasa la sita. Akavuta kwa meno yake."

Akamgeukia yule bwana. "Nipe kalamu."

Akapewa. Akalifuta lile neno asiyejulikana, akafuta na machozi ya chai, akaandika majina matatu ya mama yake, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Dada, hiyo ni kazi ya mtu," bwana akalalamika.

"Na huyu ni mama ya mtu."

Kalamu alimrudishia. Mimi nikayasoma yale majina kwa kidole, herufi moja moja, nihakikishe hajakosea. Hakukosea.