Uji wa Mzazi

Nikisikia harufu ya uji wa mahindi ya njano, namkumbuka sungura wetu alivyojifungua. Alijinyonyoa manyoya ya kifuani akawafunika watoto wake, wekundu, uchi kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuleta majani ya viazi na kufukuza paka.

Bibi mmoja mkimbizi, aliyezoea kutoka kambini kuja kutusaidia kupalilia, akafika na kopo la uji huo wa njano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia mmepata mzazi. Sungura mwenyewe yuko wapi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi! Sungura naye aletewe uji?"

"Mzazi ni mzazi." Akamimina kidogo kwenye kigae. "Hongera, mwanangu. Kunywa, maziwa yatoke."

Sungura akanusa, akalamba, masharubu yakajaa uji. Tukacheka wote, bibi akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Tangu tuvuke mto," akasema, "sijapata wa kumpelekea uji."

Mama akainuka. Akamletea kigoda, kama mgeni aliyekuja kumwona mtoto.

"Basi karibu, bibi. Uwape na majina."

Akawapa, mmoja baada ya mwingine, bila kufikiri. Alikuwa nayo tayari, tangu ng'ambo ya mto.