Jino Langu na Neno la Siri

Wakuu, leo nimepigwa rungu na shemeji yangu mwenyewe, katikati ya mji wa Sosiot, mchana kweupe.

Mimi! Mtu amekanyaga Kampala na Dar!

Kompyuta yangu imekaa kwa fundi Kericho mwezi mzima. Kila nikienda, "kesho, boss." Kumbe ilipona kitambo, na yeye anaandikia watu barua pepe kwa jina langu.

Neno la siri alilipata wapi? Nililiandika kwa rangi juu ya kompyuta mimi mwenyewe, vile tunaandika majina kwenye mikebe ya maziwa. Chekeni tu.

Jana akamwandikia mchumba wangu Chebet, karani huko Bomet, ati nina bibi mwingine Kapkatet.

Leo kaka yake akanikuta kwenye hoteli ya chai. Hakusalimia. Puu! Jino likaruka hadi kwenye chai ya mzee mmoja.

"Utachezea dada yetu?"

"Shemeji, si mimi! Twende kwa fundi!"

Tulifika Kericho tukamkuta fundi akiandika barua nyingine kwa jina langu.

"Nilikuwa najaribu tu kama inafanya kazi," akasema.

Shemeji akanyanyua kioo cha kompyuta akakipasulia kichwani mwake. Kioo changu! Damu na vigae kila mahali.

Jamaa, badilisheni maneno ya siri leo. Naandika hii kwa ofisi ya binamu.

Kaka yake amemweleza Chebet yote, naye ametuma ujumbe: posa iko palepale, Jumamosi. Sasa niambieni, bila jino la mbele, nitawachekea wakwe namna gani?