Yavuyavu Kichwani

Ugonjwa wangu ni kifafa. Kwetu kisiwani Maparoni tunauita upepo, kwa adabu, tukiogopa kwamba ugonjwa ukisikia jina lake utadhani umeitwa. Nilipomaliza darasa la saba baba alikuwa ameshanikataza kupanda mtumbwi. "Ukianguka majini nitakuokota wapi?" aliniuliza. Kwa hiyo nilibaki na kina mama nikipepeta mpunga, mimi mvulana. Nilipepeta vizuri, wakanisifu sana, na sifa hizo ndizo zilizoniuma.

Hospitali tulikwenda kwa malaria, kwa uzazi, kwa mfupa uliovunjika. Kwa upepo hatukwenda. Kila mtu alijua si ugonjwa wa hospitali.

Dada yangu, anayesoma chuo Dar es Salaam, alikuja likizo akatuonyesha video kwenye simu. Ulikuwa ubongo wa panya, umejaa vidoa vya kijani vinavyometa na kufifia.

"Seli za ubongo zinapashana habari kwa umeme mdogo," alisema. "Umeme huo hauonekani kwa macho. Sasa wataalamu wamechukua protini inayong'aa, asili yake yavuyavu, yule kiumbe wa baharini aliye laini kama ute, wakaiunga na kipande kinachohisi umeme. Seli ikipitisha umeme, mwanga unabadilika, wanauona kwenye darubini. Mwenye upepo, seli zake nyingi zinapiga umeme kwa pamoja."

"Yavuyavu huyu huyu anayetuchoma kwenye nyavu?" aliuliza shangazi.

"Ndugu yake wa bahari za mbali, shangazi. Halafu huyu ni panya, si mtu, na protini yenyewe inaingizwa ndani ya..."

Shangazi alikuwa ameshasikia alichokitaka.

Kesho yake dada alivuka maji kwenda kumsalimia bibi. Shangazi akaingia na ndoo. Alifunga mlango, akaziba dirisha kwa kanga, akanikalisha mkekani. Mama alikuwepo, na majirani wawili. Mimi si mtu wa kukataa mbele ya watu.

"Tulia, mwanangu. Tukiona panapometa, tutajua pa kupaka dawa."

Akatoa yavuyavu kwenye ndoo, akanivika kichwani kama kofia ya Ijumaa.

"Unaona kitu?" mama alimuuliza shangazi gizani.

"Bado."

"Shangazi, panauma," nikasema.

"Ehee! Umeme huo, unaanza. Vumilia."

Niliendelea kuvumilia mpaka baba aliposukuma mlango. Mwanga uliingia, na kitu pekee kilichoonekana kichwani mwangu ni uso uliovimba hadi macho yamefumba.

Kwa yavuyavu hakuna aliyebisha, ilikuwa hospitali moja kwa moja. Tukapanda boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda hadi Kibiti. Daktari aliponitazama akataka kujua yavuyavu alifikaje utosini. Baba, ambaye hajui kusema uongo, alieleza yote: upepo, panya, kanga dirishani. Daktari aligeukia ukutani kidogo. Aliponigeukia tena akaniuliza maswali mengi, lakini kuhusu yavuyavu hakuuliza tena. Aliuliza huanguka vipi, kama hujing'ata ulimi, nikizinduka nakumbuka nini. Nikapewa dawa ya kupaka usoni, na vidonge vya kifafa vya kumeza kila siku.

Uvimbe ulipona upesi. Upepo nao ulipungua, ukapungua, hadi siku moja baba akasema bila kunitazama, "Leta nyavu. Na uvae jaketi la kujiokolea."

Shangazi anawaambia watu yavuyavu ndiye aliyeniponya. Dada, akiwa amerudi chuo, alibishana naye kwa simu hadi chaji ikaisha. Mimi humeza kidonge changu kimya kimya, nisimvunjie heshima.

Juzi akaja mama mmoja kutoka kisiwa cha jirani, mwanawe mgongoni, anaulizia nyumba ya shangazi. Mtoto ana upepo. Shangazi alishatoka mlangoni na ndoo. Watu walikuwa wengi pale. Nikampita shangazi, nikamsogelea yule mgeni.

"Mama," nikasema, "mimi nilipewa vidonge Kibiti. Panda mtumbwi, tunakwenda Nyamisati."

Baba akachukua kasia.

"Na ndoo yangu je?" shangazi akauliza.

Tukaichukua. Mtumbwi wetu unavuja kidogo, na kitu cha kutolea maji hatukuwa nacho.