Askari wa Simu wa Macalder

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya hayakumpata shangazi wa jirani wa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kibanda changu cha chai kule Macalder, na ndugu yangu Okoth anapumua leo kwa sababu hiyo. Kama ni uongo, mbona mpaka sasa siwezi kuanika nguo kwenye waya?

Kwetu ni Rodi Kopany, upande wa Homa Bay. Nilihamia Migori kumfuata Okoth, kitinda mimba wa mama yetu, aliyekwenda Macalder kuchimba dhahabu. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia nisimwache huyo mtoto peke yake. Mtoto gani, na ndevu zile? Lakini nilikwenda. Nikafungua kibanda: chai, mandazi, maharagwe.

Okoth na wenzake walikuwa wamefungua upya shimo la zamani, la wakati wa wakoloni. Humo wakakuta waya mrefu wa shaba umepigiliwa ukutani kutoka juu mpaka chini. Wakaung'oa. Okoth akanikatia kipande kizuri akaniletea. "Nyaminwa," akasema, ndivyo tunavyoita dada kwa Kijaluo, "hii ni kamba yako ya nguo. Hata uanike blanketi, haikatiki." Nikafurahi, nani hapendi zawadi? Nikaufunga nyuma ya kibanda, nikaanika leso zangu.

Kesho yake, baada ya watu kula chakula cha mchana, mawingu yalikuwa yametanda lakini mvua haijashuka. Wanaume wako chini ya ardhi, mimi nasugua sufuria. Nikainua kichwa, mzungu ameketi kwenye benchi langu.

Sikushtuka, niwaambie ukweli. Wazungu huja Macalder na mashine zao kupima mawe, tumewazoea. Huyu alikuwa mzee, mwembamba, amevaa kaki, na miguuni amejizungushia vitambaa kutoka vifundoni mpaka magotini. Mgongoni alibeba gurudumu la waya, na mapajani alipakata sanduku dogo la mbao. Alikuwa amelowa matope mabichi mwili mzima, na sisi tulikuwa hatujaona mvua kwa majuma. Hilo peke yake lingenitosha, lakini sikuwa na akili.

"Jambo, mama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha wazungu wa mashamba wa zamani, kila neno limesimama peke yake.

"Jambo sana, mzee. Nikupe chai?"

Akatikisa kichwa kukubali. Nikammiminia, kikombe kinafuka moshi. Alipokishika tu, moshi ukakatika. Niliona kabisa, nikajiambia ni upepo. Upepo wa wapi? Hata jani halikucheza.

Akaanza kuongea bila kuulizwa. Alizaliwa Australia, alisema, kwa watu wa kufuga kondoo. Ujanani alifanya kazi posta, akajifunza kutuma maneno kwa kugonga kidude, ta-ta-taa, na mtu wa mbali anayasoma kwa sikio. Ile vita ya kwanza ya wazungu ilipoanza, jeshi likamchukua awe askari wa simu. Kazi yake ilikuwa kutambaa matopeni na lile gurudumu mgongoni, mizinga inalia, akiunganisha waya kila unapokatika. Wakati mwingine aliunganisha kwa meno, kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Akafungua mdomo anionyeshe meno. Nikatazama kando.

"Sheria ni moja," akasema. "Ukituma neno, ngoja. Mpaka yule wa mbali aitike, huondoki."

Siku moja akapewa neno la kuwapelekea wenzake waliokuwa ndani ya handaki: tokeni, udongo utaanguka. Akagonga. Kimya. Akagonga mpaka vidole vikatoka damu. Hawakuitika, na udongo ukawafukia, kwa sababu wenyewe walikuwa wamekata kipande cha waya bila kumwambia mtu. Mnajua walikitakia nini? Kuanikia soksi.

Yawa! Nikakumbuka leso zangu nyuma ya kibanda. Yeye akaendelea tu. Vita ilipoisha akaja huku na wazungu waliochimba Macalder, na ndiye aliyeshusha waya wa simu kwenye lile shimo, ile ya kuwaita watu wapande kukiwa na hatari.

"Na nyumbani hukurudi, mzee?" nikamuuliza, sauti yangu ndogo.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Hawajaitika," akasema.

Akainuka, akazunguka nyuma ya kibanda, akashika ncha ya kamba yangu ya nguo na kuifunga kwenye sanduku lake. Akaanza kugonga. Leso zangu zikatetemeka zote. Akagonga, akangoja, sikio amelielekeza shimoni. Kisha akanigeukia, na uso wake, jamani, ulikuwa umejaa hofu. Sikujua mzimu nao huogopa. Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa.

"Wa chini hawaitiki," akasema. "Itika wewe."

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mliolelewa mijini. Mimi nilifundishwa nikiwa mdogo: ukiitwa na sauti ya mtu usiyemjua, nyamaza. Ukiitika umejitoa, atakufuata popote uendapo. Mama alinichapa kwa jambo hilo, nikalishika. Basi nikafunga mdomo. Yule mzee akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo mama peke yake ndiye aliyelitumia. Nikanyamaza. Akaniita tena. Nikauma kidole. Nikiitika, nimekwisha mimi. Nisipoitika, je, Okoth? Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

"Ee!" nikapiga kelele. "Nimesikia!"

Akafumba macho. "Watoe," akasema.

Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Mjue kwamba pale kwetu Macalder mwanamke hakaribii mdomo wa shimo, ati dhahabu hukimbia. Yule kijana wa winchi, anayewashusha na kuwapandisha, akaniona na kutanua mikono. "Mama Chai, rudi! Unataka kutuharibia kazi?" Nikampiga mwiko, Mungu anisamehe, nikainama shimoni. "Okoth! Panda! Pandeni wote!"

Sauti ya Okoth ikatoka chini na hasira zake. "Nani ameleta mwanamke hapo?"

"Ni mimi! Panda, la sivyo nashuka mwenyewe, na nikiingia humo hamtaona dhahabu mpaka kiama!"

Hilo ndilo lililowatoa, si mapenzi kwangu. Walipanda mmoja mmoja wakinitukana, Okoth wa mwisho, uso umejaa vumbi. "Nyaminwa, umeniaibisha mbele ya watu," akasema. Alikuwa bado ananinyooshea kidole ardhi ilipotetemeka nyuma yake na shimo likajifunika. Kilikuwa kishindo kimoja kizito, kisha vumbi, kisha kimya. Okoth akageuka akatazama. Akakaa chini palepale, akalia kama alivyolia siku tulipomzika mama, na mimi nikamshika kichwa nikalia naye.

Tuliporudi kibandani, mzungu hakuwepo. Yule wa winchi anaona njia yote kutoka pale anapokaa, na anaapa kwamba hakupita mzungu siku hiyo. Lakini kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimejaa, baridi kama maji ya mtungi. Kamba yangu ya nguo haikuwepo tena. Leso zilikuwa zimekunjwa juu ya benchi, pembe kwa pembe, kijeshi.

Okoth hajaingia shimoni tena. Anaendesha boda boda huko Kehancha, na mimi nimerudi Rodi Kopany, nauza chai karibu na soko. Hapa hakuna shimo wala waya wa mkoloni, na nguo zangu naanika juu ya ua. Kwa muda mrefu nilidhani yamekwisha. Mama alisema kweli, jamani. Niliitika, na amenifuata.

Jana asubuhi, wateja wamejaa, meza yangu ilianza kugongwa kutoka chini. Ta-ta-taa. Nikaweka birika, nikasema, "Ee, nimesikia." Wateja wakatazamana. Nikangoja neno, halikuja. Nikampigia Okoth, akapokea, akanicheka, yuko hotelini anakula samaki. Nikawapigia wote wa damu yangu, usiku sikulala. Wote ni wazima, wote wako juu ya ardhi.

Kwa hivyo neno hilo si langu, ni la mtu mwingine ambaye haitiki. Ndiyo sababu nawasimulia, wala si kwa kutaka kuchekwa. Mkikuta waya wa zamani ardhini, uacheni ulipo. Na kama una mtu wako anayeshuka shimoni, mpigie sasa hivi. Asipopokea, nenda mwenyewe mpaka mdomoni mwa shimo umwite, hata kama wewe ni mwanamke, hata wakikutukana. Nenda tu. Meza yangu bado inagongwa.