Salamu za Mzenga

Nyumba ya mama yangu pale Mbwawa iko nyuma ya nyumba ya kaka, chini bondeni, ambako laini za simu hushika kwa kubahatisha. Kaka alipoingiza intaneti kwake, nilimwomba nichomeke ripita dirishani mwa jiko lake, kile kidude kinachodaka mawimbi ya waifai na kuyasukuma mbele. Akakubali. Tangu hapo mama akawa anakaa kizingitini, maana ndani mawimbi hayakufika, anaongea kwa video na dada yake aliyekuwa amelala mgonjwa kwao Mzenga. Kila alasiri. Mara nyingi mambo ya shamba tu, mara nyingine walitazamana bila kusema kitu.

Kisha picha ikaacha kuja. Mama akadhani simu yake imeharibika, na hakutaka kunisumbua, kwa kuwa nilikuwa nashinda kazini Tumbi. Haikupita wiki, tukapata taarifa kwamba mama mkubwa amefariki.

Baada ya maziko niliingia jikoni kwa kaka kutafuta sufuria, nikaikuta ripita kwenye droo, imezungushiwa kitambaa. Wifi yangu, mke wa kaka, hakuficha. Alisema ameichomoa yeye kwa sababu ilikuwa inamkwamishia tamthilia zake.

"Na wazee wale," akaongeza, "wana maongezi gani ya kila siku?"

Nilishuka kwa mama, na nilijua kwamba wifi nitamlipizia kisasi.

Nikaingiza intaneti yangu mwenyewe pale kwa mama. Nikasimamisha bomba refu la chuma nyuma ya nyumba ya mama, fundi akafunga juu yake kifaa cha kurushia waifai nje, chenye waya wake kutoka ndani, kisichotegemea mawimbi ya mtu. Kilifika hadi nyumba za ng'ambo ya bonde. Majirani niliwapa neno la siri mmoja mmoja, na kila mmoja nilimweleza ni nani asipewe na kwa nini. Mtandao wenyewe niliuita Salamu za Mzenga. Wifi yangu kila alipofungua simu alilikuta jina hilo juu kabisa, mawimbi yamejaa, kikufuli pembeni.

Alijifanya haoni, mpaka lori lilipoangusha nguzo barabarani na waya wa intaneti yao ukakatika. Yeye aliuza nguo za watoto mtandaoni, na laini za simu hata huko juu kwao hazikuwa za kutegemewa. Siku ya tatu akashuka bondeni, akamwamkia mama, kisha akanigeukia.

"Wifi, nisaidie neno la siri. Wateja wangu wananikimbia."

Nikamwambia hapana. Nililitamka neno hilo polepole, na sitadanganya, niliona raha. Akamgeukia mama, akamsihi aniambie nilegeze moyo. Nilijiandaa kubishana na mama, maana ni mtu wa huruma.

"Mimi sikuagana na dada yangu," mama akasema. "Usiniombe mimi."

Wifi akapanda kurudi kwake. Siku zote ambazo waya wao ulikuwa umekatika nilimwona akisimama barabarani juani, simu ameiinua, akitafuta mahali inaposhika.

Laini yao ilitengenezwa hatimaye. Mama hajaombwa radhi mpaka leo. Majirani wengi hawanunui tena kwa wifi. Kaka huja jioni kukaa nasi barazani, na huniambia imetosha sasa. Namimina chai, nampa kikombe chake, tunaongea mengine.