Masuke ya Jumamosi

Katika shamba moja la utafiti nje kidogo ya Ruiru, mwaka wa 1997, kulikuwa na nyumba ya wavu yenye ndoo mia tatu za mpunga, na hakuna aliyezijua ndoo hizo kama Absalom Owino. Masomo yake yaliishia darasa la saba huko Ahero, ambako utotoni alifukuza ndege kwenye mpunga wa mama yake. Baadaye alikuja Thika, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka mashine zikapunguzwa na watu wakapunguzwa nazo. Shambani aliajiriwa kumwagilia maji tu. Hayo mengine aliyafuata mwenyewe, polepole, kama kuku anayefuata punje hadi mlangoni.

Mpunga ule ulikuwa wajukuu wa mbegu mbili, moja ya kuwahi kutoa masuke na nyingine ya kuchelewa. Dokta Ngendo, mzaliwa wa mtaa wa Ngoingwa huko Thika, alitafuta jeni inayouambia mpunga kwamba wakati wa kuchanua umefika. Mpunga hupima urefu wa usiku. Usiku ukirefuka, huchanua mapema. Kwa hiyo kila saa kumi na moja jioni ndoo zilifunikwa kwa kitambaa cheusi, na saa moja asubuhi zikafunuliwa. Dokta alikata kipande cha jani la kila mmea akakipeleka maabara, asome katika DNA yake mmea umerithi nini kwa babu na nini kwa bibi. Kazi ya Absalom ilikuwa kupita kila asubuhi saa mbili na kuandika siku ambayo kila mmea ulitoa suke. Majani na tarehe vikilinganishwa, ndipo jeni ingejulikana ilipojificha. Tarehe zikiwa za uongo, ramani yote ni ya uongo.

Lakini Absalom alikuwa Msabato. Jumamosi hakukanyaga shamba. Siku hiyo Fahim, mwenzake wa kumwagilia maji, ndiye aliyefunua na kufunika, na Absalom naye alimshikia zamu kila Ijumaa adhuhuri Fahim akienda msikitini. Kuandika ndiko Fahim alikokukataa kabisa. Aliogopa daftari kuliko nyoka.

Jumatatu moja Dokta Ngendo aliingia na madaftari mawili, lile la mpunga na lile la getini linaloandikwa wanaoingia.

"Baba Perez," alimwita Absalom kwa jina la mwanawe, "juzi Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Dokta."

"Na ile ya kabla yake?"

"Kanisani."

"Sasa hizi tarehe za Jumamosi aliziona nani? Mimea arobaini na moja! Ama ulionyeshwa kwa ndoto?"

Fahim alikohoa nyuma ya pipa. "Dokta, huyu hata chai ya Sabato anaipika Ijumaa. Uongo atautunga saa ngapi?"

"Fahim, sijakuuliza."

Absalom alitazama viatu vyake. Maishani ameitwa mzito, ameitwa bubu. Mwongo hajawahi kuitwa. Alijibu kwa sauti ndogo.

"Suke lenyewe huniambia siku yake."

"Ati nini?"

"Jumapili nikifika, suke la leo limechungulia tu, kama ukucha. La jana limepita kidole gumba, na maua ya nchani yamekwisha kufunguka, yameacha vijinyuzi vya njano vinavyonyauka. Hayo mawili hayafanani."

Dokta alikaa juu ya ndoo tupu. "Nikizifuta hizi arobaini na moja, sina ramani. Nikiziacha na ni za kubuni, mimi na wewe ni waongo. Na mtu wa kubuni tarehe siwezi kukaa naye hapa, Baba Perez."

Wakakubaliana hivi: Jumamosi Dokta angekuja kuandika kwa mkono wake. Jumapili Absalom angesoma masuke bila kuona alichoandika. Sabato ile Absalom aliimba bila kusikia anachoimba.

Jumapili alipita safu kwa safu, mikono nyuma, bila kugusa hata jani. Tangu Ijumaa yalikuwa yametoka masuke mapya kumi na tisa. Kumi na mawili akayaandika kuwa ya Jumamosi, saba ya leo. Dokta akafungua daftari lake. La kwanza sawa, la pili sawa, wakaenda hivyo hadi mmea nambari 212, ambao Absalom aliuandika wa leo.

"Huu niliuandika jana," alisema Dokta. "Nililiona suke kwa macho yangu."

Absalom alijua kwamba kusema "basi, nimekosea" kungemaliza mambo. Mmoja kati ya kumi na tisa si kitu, na kazi yake ingebaki. 

"Uliona ndevu, Dokta."

"Ndevu?"

"Babu wa mpunga huu, yule wa kuwahi, ana ndevu kwenye suke, zile nyuzi ndefu za ncha ya punje. Mjukuu aliyezirithi hutanguliza ndevu siku moja, na suke bado liko ndani ya ala ya jani. Mtu hahesabiwi amefika kwa sababu ndevu zake zimepita mlangoni."

Fahim alicheka hadi maji yakammwagikia miguuni. Dokta hakucheka. Alipiga magoti mbele ya 212, akaweka rula. Suke lenyewe lilikuwa limetoka kiasi cha ukucha.

"Ngai," alisema Dokta taratibu, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao. Kisha akageuka. "Ile wiki uliyoenda mazishini Ahero, tarehe niliziandika mimi."

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Nilishuku. Lakini daftari ni lako, Dokta."

Dokta alimpa penseli. "Basi zirekebishe."

Absalom alizifungua kurasa za wiki ile, akaonyesha mimea yenye ndevu mmoja mmoja. Ilikuwa kumi na sita. Lakini penseli akairudisha.

"Siwezi. Masuke yake yamekomaa, hayasemi tena. Nikiandika sasa, hapo ndipo nitakuwa nimebuni."

Dokta Ngendo aliipokea penseli. Kisha akazikata tarehe zake kumi na sita kwa mkono wake mwenyewe. Zile arobaini na moja hazikuguswa.